Matope ya mlango wa mto Kongo inasema nini juu ya mapori yetu



Katika mikutano juu ya misitu ya jamii kuko maneno mawili yenye tunasikia karibu kila mara. La kwanza linatoka kwa wazee wetu: "Pori hii iko hivi tangu Mungu aliumba dunia." La pili linatoka kwa wageni, mara nyingine hata kwa watu wa mashirika kama letu: "Wakulima ndio wanamaliza pori, toka zamani mpaka leo." Haya si maneno ya kupitisha wakati. Koperative ikiomba msitu wa jamii kwa serkali, inapaswa kuandika mpango wa namna itatumia ile pori, na mwenye anaamini neno la kwanza hataandika sawa na mwenye anaamini la pili.

Maneno hayo inawezekana kuyapima. Ushahidi mkubwa hauko ndani ya pori. Uko chini ya bahari, mbele ya Banana na Muanda, fasi mto wetu unaingia katika Atlantika. Katika numero hii tunataka kueleza namna gani wataalamu wanasoma matope ya bahari, kwanza juu ya pwani yenyewe, kisha juu ya pori yenye iko mbali na pwani, na kwa nini hata leo hawajapatana juu ya jambo moja lenye linatugusa sisi wakulima.

Mto unabeba nini

Mto Kongo una urefu wa kilometa karibu 4.700. Kila sekonde unamwaga baharini maji ya meta za ujazo karibu 40.000. Duniani ni Amazon peke yake yenye inaupita. Mtu wa Kindu ao wa Kongolo anajua vizuri Lualaba inabeba nini wakati wa mvua: majani, magogo, udongo mwekundu. Mtu wa Bukavu naye yumo, kwa sababu maji ya ziwa Kivu inashuka na Ruzizi mpaka Tanganyika, inatokea Kalemie kwa njia ya Lukuga, na inaingia Lualaba. (Wenzetu wa bonde la Semliki watusamehe: maji yao inaenda Nile na kufika Misri.) Si kila kitu kinafika mwisho wa safari. Mingi inabaki katika Tanganyika, katika mabwawa ya Upemba, katika mabwawa ya Equateur, katika Pool Malebo. Lakini udongo mwembamba kabisa, ule wenye unafanya maji kuwa na rangi ya chai, unafika baharini. Huko maji inatulia, udongo unashuka polepole na kulala, ule wa mwaka huu juu ya ule wa mwaka uliopita.

Pamoja na ule udongo kuko kitu kingine: unga wa maua. Munaujua. Ni ule unga wa manjano wenye mahindi inatoa kichwani, wenye unashika kwenye nguo ukipita katikati ya mistari. Vitabu vinauita chavua. Punje yake moja haionekani kwa macho. Gawanya milimeta moja mara 1.000, punje nyingi zina upana wa sehemu 10 mpaka 100 hivi. Ni ndogo, lakini ngozi yake ya inje ina nguvu ya ajabu. Hata asidi kali haiiyeyushi. Adui yake ni hewa: katika udongo wa shamba wenye unapitisha hewa inaoza, lakini katika matope yenye haina hewa inadumu miaka maelfu, hata mamilioni.

Tena, kila jamii ya mimea ina punje yake, sawa vile kila ukoo una sura yake. Ya nyasi ni ya mviringo na ina tundu moja. Ya podo, ule mti wa milima wenye watu wa upande wa Kahuzi wanaujua, ina vifuko viwili vya hewa kama masikio. Ya mungazi, yaani mchikichi, mara nyingi inaonekana kama pembetatu. Mwenye amejifunza, akiweka tone moja chini ya mikroskopi, anaweza kusema: huku juu mtoni kulikuwa pori, ao kulikuwa majani, ao kulikuwa mingazi mingi. Kuko mipaka. Mtama, uwele na nyasi za pori punje zao zinafanana sana, basi unga wa maua peke yake hauwezi kukuambia kama ile nyasi ilikuwa shamba ao ilikuwa savana. Na mihogo na mahindi musizitafute katika matope ya zamani: zilitoka Amerika, hazijafikisha hata miaka 600 huku kwetu.

Namna ya kuyasoma

Meli inashusha bomba refu la chuma lenye uzito mkubwa juu yake. Linaingia katika matope kwa nguvu, wanalivuta juu, na ndani munakuwa mkate wa matope wa meta nyingi: juu ni ya leo, chini ni ya zamani. Kuchagua fasi ya kutoboa ni kazi yenyewe, kwa sababu mbele ya mlango wa mto wetu kuko korongo kubwa chini ya maji, lenye linaanzia hata ndani ya mlango wenyewe. Matope inaporomoka mle ndani kama mlima unavyokatika wakati wa mvua. Katika mwezi wa kwanza wa 2020 poromoko moja lilikimbia kilometa zaidi ya 1.100 chini ya bahari, likakata kamba za mawasiliano, intaneti ikawa polepole katika nchi mingi za Afrika. Mule ndani matope ya miaka mbalimbali inachanganyika. Kusudi kurasa zisichanganyike, wataalamu wanatoboa kando, fasi matope ilishuka kwa utulivu.

Kisha wanakata ule mkate vipande vyembamba. Kila kipande kinapita katika asidi moja yenye inaondoa chokaa, na nyingine yenye inaondoa mchanga (hii ya pili ni hatari sana, inakula hata kioo). Yenye inabaki ni unga wa maua na vitu vingine vidogo vyenye ngozi ngumu. Wanahesabu punje moja moja, mara nyingi 300 ao zaidi kwa kila kipande. Miaka wanaipata kwa kaboni 14, hasa ndani ya makoa madogo ya chokaa ya viumbe vya bahari: nusu ya ile kaboni inapotea kila miaka 5.730, basi wakipima yenye imebaki wanajua umri.

Sasa, katika kipande kilekile, pamoja na unga wa maua ya nchi kavu, muko viumbe vya bahari yenyewe. Kuko vile vya seli moja vyenye vinajifunga ndani ya kifuko kigumu na kuzama, wanaviita dinoflajelati. Aina moja inapenda maji ya chumvi ya bahari wazi, ingine inapenda fasi maji ya mto inaelea juu ya maji ya chumvi na kuleta chakula kingi. Kuko pia diatome, vyenye nyumba yao ni kama kioo. Kama ni aina ya maji tamu, basi zilitoka mitoni na maziwani. Ukiona aina za mto zinaongezeka, unajua maji ya Kongo ilienea mbali zaidi juu ya bahari, maana yake mvua iliongezeka huku kwetu ndani.

Hii ndiyo faida kubwa. Unga wa maua unasema juu ya nchi kavu, vifuko vinasema juu ya bahari, na vyote vilizama pamoja katika matope moja. Hakuna tena kubishana kama ushahidi wa huku ni wa mwaka mmoja na ushahidi wa kule.

Pwani ilikuwa fasi ingine

Miaka 21.000 iliyopita hivi dunia ilikuwa na baridi. Maji mingi ilikuwa imeganda kuwa barafu huko kaskazini, na bahari ilikuwa chini kwa meta karibu 120 kuliko leo. Ufuko wa Kongo ulikuwa mbali zaidi magharibi. Fasi wavuvi wa Muanda wanatupa nyavu leo palikuwa nchi kavu. Matope ya wakati ule ina unga mwingi wa nyasi, na ina unga wa podo zaidi ya leo, maana mti huo wa milimani ulikuwa umeshuka chini kufuata baridi. Kwa njia nyingine, yaani mafuta ya vijidudu vya udongo yenye mto ulipeleka baharini, wataalamu walikadiria mwaka 2007 kwamba joto la wastani la bonde la Kongo lilikuwa digrii 21 hivi, na likapanda mpaka 25 baridi ilipoisha. Digrii 4 zinaonekana kidogo. Muulize mwenye analima kahawa ya arabika kama ni kidogo.

Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na katika matope unga wa mikoko ukapanda nao. Mikoko ni ile miti yenye mizizi inasimama ndani ya maji ya chumvi, sawa ile ya mbuga ya mikoko ya Muanda, yenye serkali inalinda tangu 1992. Mtu anaweza kusema haraka: unga wa mikoko umeongezeka, basi mikoko iliongezeka. Wataalamu wenye walipima matope ya mbele ya Kongo walionyesha mwaka 2005 kwamba jambo si rahisi hivyo. Bahari ikipanda kwa haraka inakula ufuko. Inabomoa matope ya mikoko ya zamani, inayabeba na unga wake wote, na kuyapeleka ndani zaidi. Ni sawa na mto wenye umekata kingo ya shamba: ukiona mahindi mingi inaelea, usiseme wakulima wa juu wamevuna vizuri mwaka huu. Basi unga mwingi wa mikoko unatuonyesha zaidi ya yote mwendo wa bahari, kwamba ilikuwa inapanda mbio.

Tumekaa kidogo juu ya hii kwa sababu ndiyo inatufundisha namna ya kusoma yenye inafuata. Hesabu ya punje inaweza kuwa sawa kabisa, na maelezo yake bado ikawa ingine.

Miaka 2.500 iliyopita: mingazi

Tupite haraka kwenye miaka mingi ya mvua yenye ilifuata, wakati pori lilienea zaidi kuliko leo. Tufike kati ya miaka 3.000 na 2.000 iliyopita. Hapo, katika matope ya bahari na pia ya maziwa kama Barombi Mbo ya Kameruni, unga wa miti mikubwa ya pori unapungua. Nyasi zinaongezeka. Inaongezeka pia miti yenye inapenda jua, yenye inakimbilia fasi pori limefunguka, kama ule wenye wasemaji wa Lingala wanauita kombokombo, wenye kila mkulima anaujua kwa shamba lenye ameliacha. Na mingazi inaongezeka sana. Ziwa Sinnda, upande wa Kongo-Brazzaville, lilikauka muda mrefu.

Nani alifungua pori? Hapa ndipo wataalamu waligombana.

Mwaka 2012 Germain Bayon na wenzake walichapisha katika gazeti la Science kazi yao juu ya matope ya mbele ya mto Kongo. Walipima udongo wenyewe, si unga wa maua. Waliona kwamba tangu miaka 3.000 hivi udongo wenye ulifika baharini ulikuwa umeoshwa na kuchakaa kuliko mvua ya wakati ule inaweza kueleza. Wakasema: hii ni kazi ya watu. Ni wakati ule wakulima wa lugha za kibantu walikuwa wanaingia, na mashamba yao, kisha na chuma. Walikata, wakachoma, udongo ukashuka mtoni.

Wengine, kama Jean Maley, walijibu mwaka uleule: hapana, pori lilifunguka kwanza kwa sababu ya ukavu, hasa kiangazi chenye kilirefuka, na wakulima waliingia katika mlango wenye ulikuwa wazi. Mungazi, walisema, ni mti wenye unapenda jua. Unaweza kuenea wenyewe pori likifunguka, pasipo mtu kuupanda. Mwaka 2018 kikundi kingine kilipima tena matope ya Barombi na kurudi upande wa watu: hawakuona dalili ya ukavu pale. Kisha mwaka 2022 kukatoka kazi juu ya mabwawa ya katikati ya bonde la Kongo, ile udongo mweusi wa majani yasiyooza. Ile ilionyesha kwamba kati ya miaka 5.000 na 2.000 iliyopita maji ilishuka, ukavu ukazidi, na sehemu kubwa ya udongo mweusi ikaoza na kupotea. Mwenye aliongoza kazi ya Barombi na mwenye aliongoza kazi ya mabwawa ni mtu mmoja, Yannick Garcin. Tunamheshimu kwa hiyo: kila fasi alisema yenye matope ya pale ilimwonyesha.

Kwa maoni yetu, mwenye anataka jibu moja kwa bonde lote anapoteza wakati. Bonde hili lina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya milioni 3,5. Ukavu ulikuwako, mabwawa inashuhudia. Watu walikuwako pia: huko Boso-Njafo katika Equateur, wachimbaji walipata punje za uwele zenye zilichomeka, za wakati wa chuma cha kwanza, na uwele ni chakula chenye kinataka kiangazi cha kweli kusudi kikomae. Yaani walilima uwele katikati ya pori. Ukavu uliwapa nafasi, nao waliitumia. Lakini kusema "wakulima ndio walimaliza pori" ni kusoma punje za mingazi sawa na yule mwenye alisoma punje za mikoko haraka haraka.

Tena pori lilirudi. Utafiti wa mwaka 2021 ulikusanya tarehe za fasi nyingi za makao ya zamani katika bonde na kuonyesha kwamba kati ya mwaka 400 na 600 hivi dalili za watu zilipungua sana. Miti ikafunika mashamba. Mingi ya mapori yenye leo tunaita "bikira" ilikuwa jasho la watu.

Yenye inagusa mpango wa koperative

Kwanza, maneno "tangu dunia iliumbwa" musiiandike katika mpango. Andikeni yenye munaweza kuonyesha: fasi gani kulikuwa kijiji cha zamani, fasi gani mlipumuzisha shamba na kwa miaka mingapi, miti gani ilirudi. Mingazi mizee katikati ya pori mara nyingi ni alama ya makao, ingawa, kama tulivyosema, si kila mara. Hiyo ni haki yenu juu ya udongo, si aibu.

Pili, mabwawa ya udongo mweusi. Katika bonde la kati inalala kaboni ya toni karibu bilioni 30. Matope ya zamani imeonyesha kwamba kiangazi kikirefuka peke yake udongo huo unaanza kuoza, bila mtu kugusa. Basi mwenye anataka kuchimba mifereji ya kukausha bwawa kusudi apande mpunga anaongeza mzigo juu ya mzigo, na nyuma ya miaka michache ule udongo utashuka, utawaka moto, na shamba litakuwa chini kuliko mto. Kama munahitaji mpunga, tumieni mabonde yenye udongo wa mfinyanzi.

Tatu ni jambo lenye linaweza kufanyika juma hili. Mukichimba shimo la choo, la kisima ao la kupanda mingazi ndani ya pori, angalieni kuta zake mpaka meta moja. Katika udongo wa pori la Luki, kule Mayombe, watafiti walipata makala ya zamani chini ya miti mikubwa. Mukiona makala, kokwa za ngazi zenye zilichomeka, ao vipande vya chungu, musizitupe. Pimeni kwa kamba ni sentimeta ngapi kutoka juu, zifungeni katika karatasi kavu (hapana plastiki, zitatoa unyevu), andikeni fasi na siku, na mupe agronome wenu azipeleke kwa universite yenye iko karibu. Kipande cha makala cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha kupata mwaka wake.